Kadi mbili za bei nafuu au moja yenye nguvu: hesabu ya kori inakudanganya wapi

Swali: Habari mtaalamu. Naunda kompyuta yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza na nimekwama kwenye kadi ya grafiki. Hela niliyonayo inatosha RTX 4070 Ti Super moja mpya ya GB 16, au RTX 4060 Ti mbili za GB 16 ambazo zimeshatumika. Nimepiga hesabu, mbili zinanipa kori 8704 na memori GB 32, moja inanipa kori 8448 na GB 16 tu. Muuzaji ananiambia nikichomeka zote mbili kompyuta itaziona kama kadi moja kubwa. Nacheza sana gemu, narenda kazi za wateja kwenye Blender (programu ya picha za 3D) mara moja moja, na siku hizi nimeanza kuendesha modeli za lugha (akili bandia za kuandika, aina ya ChatGPT) kwenye mashine yangu. Pawasaplai ninayo tayari ya wati 650, na madabodi ina sloti mbili ndefu. Je mbili si bora kuliko moja? Na kama sivyo, naweza kuchukua moja sasa nikaongeza nyingine mbeleni?

Jibu: Nzuri ndugu yangu, na umenirahisishia sana kwa kuandika namba na matumizi yako yote, manake wengi wanauliza tu "ipi kali" halafu unabaki kukisia mtu anataka kuifanyia nini.

Hesabu yako haina kosa. 4060 Ti moja ina kori (vitengo vidogo vya kuhesabia ndani ya kadi) 4352, mara mbili ni 8704 kweli, na 16 mara mbili ni 32. Naona kinachokusumbua ni kwamba kila unayemuuliza anakwambia chukua moja yenye nguvu, wakati namba unaziona mwenyewe zinasema mbili zinazidi, na hakuna anayekaa akakueleza kwa nini. Sababu ni kwamba kujumlisha kadi kunakubali pale tu ambapo kazi yenyewe inakatika vipande visivyosubiriana. Kazi isiyokatika haijali umechomeka kadi mbili au nne, itatumia moja na zingine zitakaa zinapulizwa na feni. Na wewe una kazi tatu ambazo kwenye jambo hili kila moja ina tabia yake, kwa hiyo huwezi kupata jibu moja la zote, ntazichukua moja moja.

Ila tuanze na maneno ya muuzaji. Si kweli kwamba kompyuta itaziona kama kadi moja kubwa. Ukichomeka mbili ukafungua Task Manager kwenye Windows utakuta GPU 0 na GPU 1, kila moja na memori yake ya GB 16, na programu yoyote inayoendeshwa itaanzia kwenye moja wapo mpaka iwe imeandikwa makusudi kutumia zote. Sitaki kusema anakuongopea, inawezekana kabisa amekariri mambo ya zamani ambayo enzi zake yalikuwa na ukweli ndani yake.

Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo2, kadi ambayo ukiunganisha mbili kwa waya moja inachora mistari ya skrini hii na nyingine inachora ile, zinapishana. Jina lake lilikuwa SLI. Baadaye Nvidia walinunua mali za 3dfx na mwaka 2004 wakarudisha jina hilo hilo SLI kwenye GeForce 6800, ATI nao wakaja na CrossFire mwaka 2005, na kwa miaka kama kumi hivi mtu aliyekuwa na kadi mbili kwenye kasha lake alikuwa mkubwa kijiweni. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndo ilikuwa imani. Halafu ikaanza kufa taratibu. AMD walipotoa RX 5700 XT mwaka 2019 haikuwa na CrossFire. Nvidia kwenye familia ya RTX 30 waliacha konekta ya kuunganishia kwenye RTX 3090 na 3090 Ti peke yake, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 wakaacha kutengeneza profaili mpya za SLI (maelekezo ya kugawa kazi kwa kila gemu) kwenye draiva zao. Familia ya RTX 40, ambayo ndo hizo zako, haina hata hiyo konekta. Yani 4060 Ti mbili hazina pa kushikana, ukizigeuza pande zote hutaona.

Sasa kwa nini kitu kilichoonekana kina akili hivyo kilikufa? Hapa naomba unisikilize kwa utulivu kidogo, ukipaelewa hapa hutasumbuliwa tena na muuzaji yeyote.

Njia iliyotumika zaidi kwenye gemu ilikuwa ya kupokezana. Kadi ya kwanza inachora fremu ya 1, ya pili inachora ya 2, ya kwanza inarudi kuchora ya 3, hivyo hivyo. Chukua kadi ambayo peke yake inatumia milisekunde 33 kumaliza fremu moja, hiyo ni fremu 30 kwa sekunde. Weka mbili zipokezane, kaunta juu ya skrini itasoma 60 na utafurahi, lakini kila fremu bado imekaa jikoni milisekunde 33 zile zile, kwa hiyo ukibonyeza kufyatua risasi jibu linachelewa kama ulivyokuwa na fremu 30. Kadi moja yenye uwezo wa kutoa fremu 60 yenyewe inamaliza kila fremu kwa milisekunde 17 hivi. Namba inayosomeka ni ile ile kwa wote wawili ila mkono kwenye kipanya unahisi tofauti kabisa.

Halafu kuna kuyumba. Kadi mbili zinazopokezana hazikai kwenye mdundo mmoja, unakuta fremu inakuja baada ya milisekunde 5, inayofuata baada ya 28, tena 5, tena 28. Piga wastani, bado ni fremu 60 kwa sekunde, karatasi haina kosa. Ila jicho linanasa zile 28, ambazo ni sawa na fremu 36 hivi kwa sekunde, ndo mana watu walikuwa wanalalamika gemu "inakwaruza" wakati kaunta inasema mambo mazuri. Wengi walidhani kadi zao mbovu, hazikuwa mbovu.

Kilichomalizia kabisa ni namna gemu za sasa zinavyotengenezwa. Karibu zote zinachukua data ya fremu zilizopita kutengenezea inayokuja, iwe ni kulainisha kingo, iwe ni DLSS au FSR (mbinu za kukuza picha ndogo ionekane kubwa), iwe ni kusafisha picha ya mwanga uliopigwa kwa miale. Sasa fremu ya 2 inahitaji vitu vya fremu ya 1, na fremu ya 1 iko kwenye kadi nyingine na pengine haijaisha, itabidi isubiri kisha data ivushwe kutoka kadi moja kwenda nyingine, na kadi ikishaanza kumsubiri mwenzake ile faida ya kuwa wawili imeliwa yote. Na memori? Kila kadi ilitakiwa kubeba nakala yake ya kila tekscha na kila umbo, kwa hiyo hata enzi za SLI kadi mbili za GB 16 zingekuwa GB 16 kwenye gemu. Hakuna 32 pale.

Kuna mtu atakwambia DirectX 12 na Vulkan, yani mifumo ambayo gemu hutumia kuongea na kadi, zinaruhusu kadi yoyote kushirikiana na yoyote. Kweli zinaruhusu, na gemu ya Ashes of the Singularity iliwahi kuonyesha hata GeForce na Radeon zikifanya kazi pamoja. Lakini mzigo wa kugawanya kazi ulihamishwa kutoka kwa mtengenezaji wa kadi kwenda kwa mtengenezaji wa gemu, na huyo akiangalia wateja wake anaona karibu wote wana kadi moja, sasa ahangaike miezi kwa ajili ya nani? Ndo mana gemu zilizofanya hivyo zinahesabika. Kuna pia programu ya Lossless Scaling ambayo watu wanaitumia na kadi mbili, moja inachora gemu na nyingine inabuni fremu za katikati ili picha ionekane laini. Inafanya kazi, na kama mtu ana kadi ya zamani imekaa tu kabatini ni mchezo mzuri wa wikiendi, ila fremu za kubuniwa hazipunguzi kuchelewa kwa mkono wako, kwa hiyo nisingenunua kadi ya pili kwa ajili hiyo.

Kwa upande wa gemu basi mambo yamekwisha. Ukinunua 4060 Ti mbili utacheza kwa 4060 Ti moja, kori 4352, na memori inayosomwa kwa kasi ya GB 288 kwa sekunde. Ukinunua 4070 Ti Super utacheza kwa kori 8448 zote na memori ya GB 672 kwa sekunde. Ile ya kwanza njia yake ya memori ina upana wa biti 128, hii nyingine 256, na ukipandisha gemu kwenye skrini ya 1440p au 4K utauona huo upana. Umesema unacheza sana, kwa hiyo usilichukulie hili kwa wepesi.

Tuje Blender. Hapa mambo yanageuka, na ntakuwa mkweli kwako hata kama watu wa gemu hawatapenda. Injini ya Cycles inapiga miale kwa kila pikseli, na pikseli ya kona hii haina haja ya kujua ya kona ile imefikia wapi, kazi inakatika vizuri sana. Unaingia kwenye mipangilio ya mfumo, unatiki kadi zote mbili, na zinagawana. Haihitaji waya wa kuunganisha, na hata kadi zisipofanana haina neno mradi zote ni za Nvidia na unatumia njia moja, OptiX au CUDA. Kwenye picha nzito inayochukua dakika nyingi utakaribia kasi mara mbili ya kadi moja. Kwenye animesheni ambayo kila fremu ni sekunde chache hutaikaribia, kwa sababu kila fremu ina maandalizi yake ya kupakia tekscha na kupanga maumbo kabla miale haijaanza, na maandalizi hayo hayapungui kwa kuwa na kadi mbili.

Kuna mbinu ya hapo ambayo wengi hawaijui: fungua Blender mara mbili, kila moja ipe kadi yake, kisha kwenye mipangilio ya kutoa faili zima Overwrite na uwashe Placeholders. Zitaokota fremu zilizobaki bila kugongana, kila kadi inarenda fremu yake nzima. Memori ya kompyuta itatumika karibu mara mbili, kwa hiyo uwe na RAM ya kutosha.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, bila ile konekta ya kuunganisha, kila kadi lazima ibebe sini nzima (maumbo, tekscha na taa zote za picha) kwenye memori yake. Sini ya GB 20 haigawanyiki kumi kumi, itazizidi zote mbili, na ikizidi Cycles itaanza kuazima RAM ya kompyuta na kasi itashuka. Kwa hiyo kwenye Cycles una GB 16 ukinunua moja, na una GB 16 ukinunua mbili. La pili, Eevee, injini nyingine ya Blender, inatumia kadi moja tu, na vile unavyozungusha umbo kwenye dirisha la kazi siku nzima ni kadi moja inayokuhudumia. Kwa jumla 4060 Ti mbili kwenye Cycles zitakuwa jirani na 4070 Ti Super moja, hazitaiacha mbali. Faida halisi ya mbili ni kwamba moja inaweza kurenda usiku kucha huku nyingine imekuachia kompyuta, na ikifa moja hujasimama kazi. Kwa mtu anayeishi kwa kurenda hiyo ni faida kubwa sana, kwako we unayefanya mara moja moja sidhani.

Modeli za lugha sasa, na hapa ndo penye utamu, manake hapa ile 32 yako inakuwa 32 kweli.

Modeli ya lugha ni rundo la tabaka, na matokeo ya tabaka moja ndo yanaingia kwenye linalofuata. Programu kama llama.cpp zinaweza kukata rundo hilo, nusu ya chini ikae kadi ya kwanza, nusu ya juu kadi ya pili, na kinachovuka kati yao ni kitu kidogo tu, kwa hiyo hakuna haja ya waya maalum. Memori zinajumlishana kabisa, pungufu kidogo kwa nafasi inayoliwa na mazungumzo yenyewe na skrini yako. Modeli ya parameta (namba zinazounda modeli) bilioni 32 iliyobanwa mpaka biti 6 na ushei kwa parameta inafika kama GB 26, hiyo kwenye kadi moja ya GB 16 haiingii, kwenye mbili inaingia na nafasi inabaki.

Kasi ndo haijumlishwi. Ili kutoa tokeni moja (neno au kipande cha neno) kadi inabidi isome modeli yote kwenye memori, kwa hiyo kinachoamua ni kasi ya kusoma memori, kori zinakuwa na muda wa kupumzika. Gawa mwenyewe: modeli ya GB 26 kwa kasi ya GB 288 kwa sekunde inakupa tokeni kama 11 kwa sekunde, hicho ni kikomo cha juu, kwa uhalisia itakuwa chini yake. Kadi mbili hazisomi kwa pamoja, ya kwanza inasoma nusu yake, inakabidhi, ya pili inasoma yake wakati ya kwanza imekaa, ndo mana ukiziangalia kila moja itaonekana iko bize karibu nusu ya muda. Kuna njia ya kukata kila tabaka katikati ili kadi zote zisome kwa wakati mmoja, inaongeza kasi, ila zinatakiwa zibadilishane data kila tabaka na kwenye kadi zako hiyo data inapitia PCIe (njia za data kati ya sloti na prosesa) na memori ya kompyuta, faida itapungua kutegemea madabodi yako.

Sasa linganisha na 4070 Ti Super kwa modeli hiyo hiyo. GB 14 zitakaa kwenye kadi zikisomwa kwa 672, GB 12 zilizobaki zitaangukia kwenye RAM ya kompyuta, ambayo kwa DDR5 ya kawaida ya chaneli mbili ni kama GB 80 hadi 90 kwa sekunde. Sehemu ya kadi inachukua sekunde 0.02, sehemu ya RAM inachukua 0.15, jumla unapata tokeni kama 6. Kwa hiyo modeli kubwa, kadi mbili zinashinda, na ukiipa maandishi marefu ya kusoma zinashinda kwa mbali zaidi. Ila geuza upande: modeli ya GB 10, ambayo inaingia popote, kwenye 4060 Ti iwe moja au mbili kikomo ni tokeni 28 hivi, na kwenye 4070 Ti Super ni 67. Kwa hiyo swali linarudi kwako, unaendesha modeli za ukubwa gani? Kama bado uko kwenye kujaribu jaribu na modeli za parameta bilioni 8 au 14, ile 32 unailipia bure. Kama umeshagonga ukuta, kila modeli unayoitaka inakataa kuingia, basi we ni mtu wa kadi mbili na usione haya. Kutengeneza picha ni tofauti kidogo, programu nyingi haziwezi kugawa picha moja kwa kadi mbili, zitakutengenezea picha mbili kwa pamoja, kila kadi yake.

Kuhusu hizo sloti mbili ndefu, urefu wa sloti haukwambii kitu. Prosesa za kawaida zina njia 16 za PCIe kwa ajili ya kadi ya grafiki, na kwenye madabodi nyingi za bei ya kati zote 16 zinaenda sloti ya juu, ile ya chini inapewa njia 4 tu zinazopitia kwenye chipseti pamoja na diski na USB. Zipo madabodi zinazogawa 8 kwa 8, ila kawaida ni zile za gharama. Bahati nzuri 4060 Ti yenyewe inatumia njia 8 tu, kwa hiyo ukiwa na bodi ya 8 kwa 8 hupotezi chochote. Soma kitabu cha madabodi yako sehemu ya sloti, na ukishachomeka fungua programu ya GPU-Z uone inasema x8 au x4. Kwa Cycles njia 4 haitakuumiza sana, kwa modeli zilizogawanywa kwa tabaka pia, itakuchelewesha zaidi wakati wa kupakia modeli. Pima na nafasi kati ya sloti na sloti. Kadi ya juu ikikaa imebanwa na ya chini, feni zake zinavuta hewa ya moto iliyotoka kwa mwenzake, itapiga kelele na itajishusha kasi yenyewe ili isiungue.

Umeme. 4060 Ti ya GB 16 ni wati 165, mbili ni 330. 4070 Ti Super ni 285, na Nvidia wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 700. Kwa hiyo wati 650 yako kwa prosesa ya kiasi itawasha na utacheza, mpaka siku gemu nzito ivute ghafla na kompyuta ijizime katikati ya mchezo, manake kadi hizi zinaruka juu ya wati zake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mi ningeibadilisha, kwa chaguo lolote kati ya hayo mawili. Ukiwa na kadi mbili kila moja ipewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai, usichukue waya mmoja wenye vichwa viwili ukazipachika zote. Na ile konekta ndogo ya pini 16 ya 4070 Ti Super isukume mpaka iingie kabisa usione mwanya, na usiikunje karibu na mdomo, konekta za aina hiyo zilizoyeyuka kwenye RTX 4090 mwaka 2022 nyingi zilikutwa hazikuingia mpaka mwisho.

Kuna chaguo la tatu ambalo hukulitaja na nashangaa muuzaji hajakutajia, RTX 3090 iliyotumika. Ina GB 24 kwenye kadi moja, kori 10496, na memori ya GB 936 kwa sekunde. Kwa modeli za lugha hiyo ni dawa, GB 20 zinaingia bila kukata na zinasomwa zaidi ya mara tatu ya kasi ya 4060 Ti. Kwenye gemu iko chini kidogo ya 4070 Ti Super na haina zile fremu za kubuniwa za DLSS 3. Ubaya wake, ni wati 350, Nvidia wanapendekeza pawasaplai ya 750, na nusu ya chipu zake za memori ziko mgongoni ambako upoaji ni wa shida, na nyingi zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana mpaka Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022. Kwa hiyo ukikutana nayo, au na hizo 4060 Ti zilizotumika, usikubali kuonyeshwa picha tu. Ishuhudie ikifanya kazi nzito nusu saa, tazama joto la memori, sikiliza feni, angalia kama skrubu zimeshafunguliwa, na uulize kama risiti na dhamana vipo. Muuzaji asiyetaka uijaribu, mwachie kadi yake.

Na la kuongeza nyingine mbeleni: kwa gemu sahau, hutapata chochote. Kwa Cycles na modeli za lugha inawezekana kabisa na hata hazihitaji kufanana, unaweza kuwa na 4070 Ti Super juu na baadaye ukaweka 4060 Ti ya GB 16 chini, ukapata GB 32 zile zile za mwanzo huku gemu zikiendelea kwenye kadi nzuri. Kwa hiyo kwa matumizi uliyonieleza, gemu mbele na vingine vinafuata, mi ningechukua 4070 Ti Super moja, pawasaplai ya wati 850 yenye waya za kutosha, na kabla ya kununua kasha ningehakikisha sloti ya chini ina nafasi ya kupumua. Ukishakaa nayo miezi kadhaa utajua mwenyewe kama modeli zinakubana. Ningebadili mawazo kama ungeniambia gemu ni za Jumapili tu na modeli ndo kazi yako ya kila siku, hapo ningeenda 3090, na hizo 4060 Ti mbili ningezifikiria kama 3090 nzuri haipatikani au joto na umeme wake vinakutisha.

Mambo mengine mi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama kompyuta itajizima yenyewe baada ya kuweka kadi, kama utasikia harufu ya plastiki inayoungua, kama ukigusa kasha unahisi umeme unakuchoma choma, usiwashe tena kujaribu bahati. Chomoa ukutani umpelekee fundi anayeweza kupima pawasaplai ikiwa na mzigo, na hilo la kuchomwa chomwa mwite fundi umeme aangalie waya wa ethi wa nyumba. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinabaki na chaji. Na kama ni mara yako ya kwanza kuunda, si vibaya kumlipa mtu akae pembeni yako siku ya kuchomeka, upime naye na urefu wa kadi kabla hujalipia, manake baadhi ya 4070 Ti Super zinazidi sentimita 30 na kasha nyingi ndogo hazina nafasi hiyo.